Msiwafukuze walio kimya, waitikieni hodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita, akitaka maadmini wa magrupu ya WhatsApp wawatoe wanachama "wasiochangia chochote". Aliwaita watazamaji, akasema wanajaza viti bure. Barua ile niliisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, nikiwa peke yangu jikoni, nikitaka kusikia kama ni mimi ninayesemwa. Ni mimi. Kwa mwaka mzima na miezi minane nilikuwa mjaza kiti katika grupu la wafugaji wa kuku.

Nijitambulishe kidogo ili nieleweke. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Muheza. Nilishika chaki miaka 39, tangu 1982 nilipotoka Chuo cha Ualimu Korogwe hadi nilipostaafu 2021. Woga wa kusimama mbele za watu sina. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, nilikabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 143 na madawati ya watoto 60, na nikaingia nikafundisha. Nimesoma risala mbele ya wakubwa, nimesuluhisha wazazi waliokuja shuleni na fimbo mkononi. Lakini kuandika mstari mmoja tu kwenye grupu, tena la watu wanaozungumzia kuku, kulinishinda.

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyeniunganisha, mwezi wa saba 2021, nilipoanza kujenga banda. Mwezi mmoja baadaye nikataka kuuliza jambo kuhusu taa ya kulelea vifaranga. Mimi huandika polepole, kwa kidole kimoja, na herufi kubwa naweka panapostahili. Sikujua kuwa unapoandika, wenzako wote wanaona jina lako pale juu na neno "anaandika". Wakaniona naandika, nasita, nafuta, naandika tena. Bwana mmoja akatupia: "Huyu Mwalimu anayeandika tangu taarifa ya habari, atuletee hiyo risala basi!" Vikafuata vikatuni vya kucheka machozi, mstari baada ya mstari. Nikafuta kila kitu nikazima simu. Yule bwana simlaumu. Sisi watu wa Tanga utani ndio chai yetu, na laiti angenitania uso kwa uso ningemjibu hadi akimbie. Ila kwenye simu sikumwona uso, sikujua anacheka vipi. Nikakaa kimya.

Sasa nisimulie kimya hicho kilinigharimu nini.

Mwanzoni mwa Februari 2023 nilinunua vifaranga chotara 150. Tisa walikufa katika siku za kwanza, jambo ambalo mfugaji yeyote atakwambia ni la kawaida, wakabaki 141. Siku ya sita jioni nilikuwa na kichupa cha chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, ndani ya friji la jirani, na maelekezo ya muuza duka la pembejeo: "Changanya kwenye maji, wape wanywe." Maji gani, hakusema. Bomba letu siku hizo lilikuwa linatoa maji yenye harufu kali ya dawa, ile ambayo chai yake huinusi mara mbili. Nikajiuliza kama dawa inayoua vijidudu kwenye maji haitaiua na chanjo. Swali likaniganda kichwani. Nikafungua grupu, nikaandika: "Habari za jioni wapendwa. Naomba kuuliza, chanjo ya mdondo ya kwenye maji, maji ya bomba yanafaa?"

Maneno hayo yalikaa kwenye skrini kama robo saa. Juu yake wataalamu wetu walikuwa wanabishana kuhusu aina za virusi, mmoja anaweka picha ya ukurasa wa kitabu, mwingine anampinga kwa sauti ya dakika nne. Nikayaona maneno yangu yamekaa kama mtoto wa chekechea aliyeingia kwenye kikao cha walimu. Nikajisemea, mwalimu mzima, uliyefundisha Sayansi Kimu, unauliza habari ya maji? Nikafuta. Asubuhi nikachota maji ya bomba, nikachanganya, nikawawekea kutwa nzima.

Leo hii naweza kulieleza jambo hilo nikiwa usingizini. Chanjo ile ni hai. Ikifa imekuwa maji matupu. Klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, huiua. Unatumia maji safi ya mvua au ya kisima yasiyotiwa dawa, na ukikosa kabisa, unatia kwanza unga wa maziwa yasiyo na mafuta kwenye maji ya bomba ili kuizima klorini. Vifaranga unawanyima maji kwa muda kwanza ili wawe na kiu, kisha wamalize ile chanjo ndani ya saa mbili, siyo kutwa. Ama uachane na mambo ya maji, utumie I-2, ile ya tone moja jichoni, inayovumilia joto kuliko nyingine nyingi na inayotengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Yote hayo yalikuwemo kwenye vichwa vya watu wa grupu langu usiku ule wa siku ya sita. Kilichokosekana ni swali.

Wiki ya tano mdondo ukaingia. Ninamkumbuka jogoo mmoja mdogo mwekundu, niliyekuwa nimemchagua awe wa mbegu. Nilimkuta asubuhi shingo imejipinda hadi kichwa kinatazama paa, anazunguka palepale alipo, anataka kudonoa punje ya mahindi, kila akijitupa mdomo unaangukia pembeni. Nikamsogezea ile punje. Akaikosa. Nikaishika mkononi kabisa chini ya mdomo wake, akaikosa tena. Kufikia jioni alikuwa amelala. Mdondo hauna tiba, unatazama tu. Kwa siku sita mimi na mjukuu wangu tulizika kuku 97 nyuma ya choo, tukimwaga chokaa. Mjukuu alikuwa anawahesabu kwa sauti, na sikuwa na nguvu ya kumwambia anyamaze.

Watu husema tafuta ujasiri, kisha uzungumze. Mimi ujasiri haukuja, na kama ningeusubiri ningekuwa nausubiri hadi leo. Kilichokuja ni hasira. Saa tisa usiku, siku ya mwisho ya kuzika, niliandika habari yote bila kufuta hata neno: vifaranga walikuwa wangapi, chanjo siku ya ngapi, wameanza kuumwa siku ya ngapi, kinyesi cha kijani, shingo, waliokufa 97, waliobaki 44. Nikauliza, nimekosea wapi? Nilichagua saa tisa usiku kwa makusudi, kwa sababu watu wamelala. Nikatuma, nikaitia simu chini ya mto kama mtu aliyeiba.

Saa kumi na mbili nikaitoa. Kimya. Nikaushikilia ule ujumbe kama binti alivyonifundisha, nikaona umeshasomwa na watu 61. Watu sitini na moja wamepita mlangoni, wameona msiba, wameendelea na safari! Chini yangu mtu alikuwa ameweka picha ya waridi na "asubuhi njema yenye baraka". Mhariri, sijui kama umewahi kuwa katika hali hiyo. Nilikuwa natamani kichapo kuliko kimya kile. Kidole kilishafika kwenye kufuta.

Saa tatu na dakika chache mama mmoja, ambaye baadaye nilijua yuko Makambako, akaandika: "Pole sana mwalimu wangu. Uliwachanjia kwenye maji gani?"

Swali lilelile nililolifuta likarudi kwangu. Nilikaa chini, kwenye kizingiti cha banda tupu.

Baada ya yule mama kufungua, walifurika. Daktari wa mifugo aliyekuwa akibishana habari za virusi akaja akaeleza klorini kwa lugha ya mama mboga, vizuri kabisa. Hata yule bwana wa risala alikuja akatoa pole, na akanielekeza wanakopatikana vifaranga wazuri. Kumbe hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

Lakini jambo ninalotaka msomaji mwenzangu alisikie lilitokea nje ya grupu. Kufikia jioni nilikuwa na watu saba inboksi. Saba! Wote wana swali moja: maji. Mmoja alikuwa na chanjo ndani ya friji siku hiyohiyo. Mmoja alikuwa mwanachama tangu grupu lianzishwe na hajawahi kuandika herufi. Niliwajibu wote, nikinakili maneno yaleyale mara saba, na kwa kuwa ualimu hauishi, kila mmoja nilimuuliza kwa nini hakuuliza mbele ya wote.

Mama mmoja wa Bukoba aliniambia Kiswahili chake kina Kihaya ndani, watamcheka. Kijana mmoja akasema mwandiko wake mbaya, aliishia darasa la tano. Mwingine mume wake yumo kwenye grupu na hataki ajue kuku wanaumwa. Yule mkongwe wa kimya alisema aliwahi kumwona mtu akiuliza akaambiwa "swali hili limeshajibiwa, pandisha juu usome", akaamua yasimkute.

Hiyo "pandisha juu" nina ugomvi nayo. Kwenye grupu letu mwanachama mpya haoni yaliyosemwa kabla hajaunganishwa. Kwake juu hakuna kitu. Na hata wa zamani, mwenye simu ndogo iliyojaa, amefuta mazungumzo ili apate nafasi ya picha za wajukuu. Unamwambia apande ngazi ambayo kwake haipo. Admini wetu wa zamani alikuwa na kanuni kumi alizozibandika kila Jumatatu, na ya nne ilisema "maswali yasiyo na maana hayaruhusiwi". Sasa mtu atajuaje swali lake lina maana kabla hajauliza?

Naomba hapa niungame kosa langu, maana nisijifanye mimi ni wa kuonewa tu. Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha hesabu za kutoa kwa kukopa. Ubaoni niliandika 302 toa 158. Mtoto mmoja wa nyuma, mwembamba, kaptura imefungwa kwa kamba ya katani, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sifuri itakopeshaje na yenyewe haina kitu?" Darasa lilivunjika mbavu. Na mimi nikacheka. Sikucheka kwa ubaya, ilinitoka tu, kwa namna alivyoisema kama mtu mzima anayezungumzia jirani fukara. Nikaendelea na ubao. Yule mtoto hakunyoosha tena mkono darasani kwangu. Ilinichukua miaka kutambua kuwa lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa siku ile, kwa sababu jibu lake ndilo somo lenyewe: sifuri lazima iende kwanza kukopa kwa mia, ndipo iwe na cha kumkopesha jirani yake. Nusu ya darasa walikuwa hawajui hilo, na nusu hiyohiyo ndiyo iliyocheka kwa sauti kubwa zaidi.

Nikirudi kwenye grupu. Nilipojiunga WhatsApp ilikuwa inaruhusu watu 256 tu, na siku hizo walau majina yalikuwa yanafahamika. Mwaka 2022 ukomo ukapandishwa hadi 512, na kabla mwaka haujaisha ukawa 1,024. Admini akafungua mlango, tukapita 700. Mwalimu haachi kuita majina: mwezi wa sita 2023 nilichukua daftari la mistari, kwa wiki moja nikamwandika kila aliyesema neno, ukiacha salamu na maua. Walikuwa 31. Nikaangalia tena ni wangapi kati yao walioanzisha mazungumzo, siyo kuitikia ya mwenzao. Tisa. Kati ya hao tisa, watano ni wauza vifaranga na chakula cha kuku. Muuzaji haoni haya kuanza, biashara imeshamsukuma. Wawili ni maadmini. Waliobaki ni wawili, mmoja akiwa yule mama wa Makambako.

Kwa hiyo namwelewa msomaji mwenzangu anaposema watu wamezidi kunyamaza. Hesabu yake na yangu ni moja. Tunapoachana ni kwenye dawa.

Dawa yake sisi tumeshaijaribu. Mwaka jana admini alitangaza kuwa ifikapo Jumamosi saa sita usiku, asiyechangia atatolewa. Ungeona Jumamosi ile! Kuanzia saa moja jioni simu ilikuwa inalia kama kengele ya baiskeli. "Nipo." "Nipo admini." "Tupo pamoja." "Nipo ila kimya." "Nipo mzee usinitoe." Mmoja akaandika "Mipo", nadhani ni haraka. Watu zaidi ya mia mbili walisema wapo, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Kesho yake kimya kikarudi mahali pake, kikakaa kitako. Hofu ilitupatia mahudhurio tu.

Na waliotolewa je? Mmojawao namjua, mwalimu mwenzangu wa zamani aliyehamia kijiji kimoja cha Handeni. Huyo simu anaiwasha jioni tu, bando la siku. Usiku wa "nipo" alikuwa hana bando. Nilipompigia kumpa pole akaniambia jambo nililokuwa silijui: kila jioni alikuwa anawasomea majirani yaliyoandikwa kwenye grupu, chini ya mwembe wake, kaya tano ambazo hakuna mwenye simu ya kugusa. Wanamletea maswali, anasubiri kama kuna siku mtu atauliza mfano wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza kwa niaba yao. Aliogopa, kama mimi. Kwenye orodha ya admini alikuwa mtazamaji mmoja. Tulifukuza kaya sita.

Kwetu, Mhariri, na bila shaka na kwenu, mtu hupiga hodi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akikosa jibu anaondoka zake, na wala hajakosa adabu. Anayepiga hodi hahitaji ujasiri mkubwa kwa sababu anajua aliye ndani atasema "karibu" hata kabla hajamjua ni nani; mwingine anaitikia akiwa bafuni. Kwenye grupu hodi inasikiwa na watu mia saba kwa mpigo, na kwa kuwa nyumba ni ya wote, hakuna mwenye nyumba. Wote tuko ndani tunatazamana, kila mtu anangoja sauti ya mwenzake. Mgeni amesimama uani na kuku wake wanakufa.

Si kwamba zamani hatukuwa na woga. Marehemu baba yangu alikuwa na nakala kadhaa za Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, amezifunga kwa uzi, na humo wasomaji walikuwa wakiulizana mambo kwa mashairi, mmoja anauliza toleo hili, mwingine anamjibu matoleo kadhaa mbele. Baadaye kaka yangu akawa mtu wa kadi za salamu redioni, yeye ambaye sebuleni, wageni wakija, alikuwa akijificha uani. Nafikiri kalamu iliwasitiri. Unaandika, unatuma, hakuna anayekuona ukifuta. Hata barua hii imenichukua siku tisa, na wewe hujaona neno "anaandika" hata mara moja. Ningeshukuru kama wenye WhatsApp wangekiondoa kineno hicho, lakini najua hawasomi gazeti lako.

Tangu siku ile ya watu 61 waliosoma wakapita, nimejipa kazi moja. Kila namba ngeni inapouliza, najitahidi iwe imejibiwa kabla saa haijaisha, na kama sijui jibu naandika "karibu" na swali moja: kuku wana siku ngapi? Basi. Nimegundua mtu akishaulizwa siku, anajibu, na akishajibu la siku anataja na la kinyesi, na la chanjo, na picha anatuma. Wataalamu nao hapo ndipo wanapoamka, kwa sababu daktari hawezi kushindana na "kuku wangu wanaumwa nisaidieni", lakini "wiki ya tatu, wanaharisha nyeupe, wamejikunyata, sijawapa chanjo ya Gumboro" atalijibu hata akiwa kwenye daladala. Asiyeweza kuandika namwambia atume sauti. Bibi mmoja wa Lushoto sasa anatuma sauti karibu kila wiki, na nyuma yake jogoo wake wanawika hadi unamsikia kwa taabu. Mara mbili daktari ametambua mafua ya kuku kwa kuwasikiliza jogoo, bibi mwenyewe akiwa hajamaliza salamu.

Mwezi uliopita nilirudia daftari langu. Wiki ile walioanzisha mazungumzo, ukiwatoa wauzaji, walikuwa 14. Sisemi ni mimi. Mama wa Makambako anafanya zaidi yangu, na yule bwana wa risala naye siku hizi anaitikia wageni, utani wake akiuweka baadaye. Maadmini nao wameifuta kanuni ya nne baada ya kuwaandikia, na waraka wangu, nakiri, ulikuwa risala kweli. Mwalimu wa Handeni amerudishwa. Swali lake la kwanza alilituma Jumanne, na lilikuwa na sehemu tano, moja kwa kila kaya.

Jumapili iliyopita, saa mbili usiku, namba isiyo na jina wala picha ilionekana inaandika. Ikaacha. Ikaandika. Ikaacha. Nilikuwa namenya viazi, nikaweka kisu chini. Baada ya dakika kama kumi likatua neno moja: "Hodi." Nikafuta mikono kwa kanga nikawahi, kabla ya picha ya maua: "Karibu sana ndugu yetu. Kuku wana siku ngapi?"

Ikaandika tena, ikaacha, ikaandika. Viazi vikaanza kuwa vyeusi.

"Si kuku, ni bata. Inaruhusiwa?"

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga